Joto Lililobaki Kwenye Kiti

Ndugu wafiwa, majirani, wenzake wa kazini, viongozi wa baraza la mji, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imemtaka kaka mkubwa wa marehemu, mwokaji mikate ambaye wengi wenu mmekula mkate wake kabla ya kuijua sura yake, awasomee maisha ya mdogo wake, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu alijifunza kusoma akiwa tayari na mvi, na jicho lililochelewa kufika kwenye maandishi halipendi kukimbizwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kilichokuwa nyuma ya tanuri la baba yake, mtaa ulio nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na kwa kuwa alikuja kabla ya siku zake, akiwa mdogo kiasi cha kulazwa ndani ya kapu la mikate na kusogezwa karibu na ukuta wa tanuri apate joto, mkunga alimwinamia, akamtazama, akasema, "Huyu hajawa mtoto bado, huyu ni nukta," na jina hilo likamganda hadi leo. Wenzake wa maabara, ambao kwa miaka yote hiyo walidhani anaitwa Mama Nukta kwa ukali wake juu ya nukta za desimali, watusamehe kwa kuwaharibia hadithi yao.

Baba yao hakuwa na chombo cha kupimia moto, alikuwa akiingiza mkono ndani ya tanuri, akihesabu kimoyomoyo, na alipolazimika kuutoa alijua kama unga uingie au usubiri. Mwaka 1957 baba alishikwa na homa, kaka akachukua nafasi yake, akaingiza mkono kama alivyoona ukiingizwa, akahesabu kama alivyosikia ikihesabiwa, na mikate yote ya siku hiyo ikatoka myeusi kama makaa. Nyumba ilipokuwa imenuna, Nukta, mwenye umri wa miaka sita, alisimama katikati ya chumba akauliza, "Mkono wa baba na mkono wa kaka, upi unasema kweli?" Baba yake, pamoja na homa yake, alicheka, akamwambia, "Mkono wenye sugu haudanganyi, mwanangu, umehama tu. Umekaa na moto muda mrefu mpaka umeuzoea." Tunaomba mlishike jibu hilo, maana yeye alilishika maisha yake yote.

Alianza masomo mwaka 1958 katika shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa reli, akahitimu mwaka 1964, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia mwaka 1965 hadi 1970, ambako mwalimu wa fizikia aliandika katika taarifa yake ya mwisho kwamba mwanafunzi huyu hakubali jibu mpaka aone limetoka wapi, na baba yao aliposomewa maneno hayo na jirani hakujua kama ni sifa au ni mashtaka. Mwaka 1972 aliingia chuo kikuu, akatunukiwa shahada ya fizikia mwaka 1975. Katika miaka hiyo yote kaka yake alibaki tanurini kwa hiari yake, na kila likizo Nukta aliporudi alikuwa akifunga aproni bila kuambiwa, akasimama mezani kukanda unga, akieleza huku anakanda ni kwa nini maji huchemka na kwa nini chuma hutanuka, na kaka yake akimjibu kwamba yote hayo ni mazuri, lakini asisahau chumvi.

Tarehe 1 Julai 1975 aliajiriwa katika Maabara ya Vipimo, ghorofa ya chini, chumba cha mwisho kushoto, chumba kisicho na dirisha, chenye meza ndefu ya jiwe, beseni la barafu iliyosagwa, na vipimajoto vilivyoning'inizwa kwa safu kama samaki wanaokaushwa. Huko ndiko kila kipimajoto cha hospitali, cha kiwanda na cha ghala kilipoletwa kulinganishwa na kile kimoja kinachoaminiwa, kikapewa muhuri au kikanyimwa. Hakuruhusu mtu aingie akikimbia, kwa kuwa mwili uliokimbia hutia joto chumba, wala hakuruhusu ugomvi humo ndani, kwa sababu hiyohiyo. Aliwafundisha vijana waliopita mikononi mwake kwamba kipimajoto hakiharibiki kwa kishindo, kinahama kidogokidogo, kinaendelea kusema namba zake kwa uaminifu uleule, na aliyekizoea ndiye wa mwisho kugundua.

Mwaka 1984, akiwa sasa mkuu wa chumba hicho, alipata shaka juu ya vipimajoto vya majokofu ya chanjo, akavirudisha vichache mezani, akaona vinasema pana baridi ya kutosha mahali ambapo haikuwepo, na kila kimoja kilikuwa na muhuri uliopigwa kwa mkono wake mwenyewe. Wakubwa wake walimshauri jambo hilo lirekebishwe kimyakimya, mmoja akamwambia, "Mama Nukta, nani atajua?" naye akajibu, "Mimi tayari najua, tumekwisha kuwa wawili na wewe." Siku iliyofuata alikwenda redioni kwa miguu yake, akataja jina lake na cheo chake, akasema kosa ni la maabara yake na muhuri ni wake, akaomba akina mama wawarudishe watoto wachanjwe upya. Wapo katika mkutano huu watu wazima, wenye ndevu na wenye watoto wao, ambao walichanjwa mara ya pili kwa sababu ya sauti ile, na huenda hawajui. Kaka yake aliisikia redioni akiwa ameshika koleo la mikate, akakaa chini juu ya gunia la unga, na hata leo akikumbuka hukaa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977 na mpima ardhi ambaye mnamwona hapa mbele, aliyefika maabara kwa mara ya kwanza kupimiwa utepe wake wa chuma, akarudi wiki iliyofuata na utepe uleule, na aliporudi mara ya tatu Nukta alimwambia mbele ya watu wote, "Utepe wako ni mzima, kaka, mwenye utepe ndiye aliyepinda." Walijaliwa watoto watatu, binti mhandisi wa maji aliyezaliwa mwaka 1979, mwana mwalimu aliyezaliwa mwaka 1982, na binti wa mwisho aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye amerithi chumba kilekile cha ghorofa ya chini, na ukali uleule, wasaidizi wake ni mashahidi.

Sasa tunafika kwenye kazi yake ya pili, ambayo ndiyo iliyolipeleka jina lake mbali. Nukta alitunga riwaya tatu juu ya viongozi wa zamani, ya kwanza mwaka 1987, ya pili mwaka 1994, ya tatu mwaka 2003, na alipoulizwa mwanasayansi anatafuta nini kwenye mambo ya kubuni, alisema kwamba maabarani anaandika alichokiona tu, na mtu anayeona kidogo namna hiyo maisha yake yote lazima atafute mahali pengine pa kuweka anachokihisi. Lakini hata huko hakuacha tabia yake, kwa maana mwishoni mwa kila riwaya aliweka ukurasa mmoja wa kueleza yapi katika kitabu yanajulikana na yapi ameyabuni, akauita ukurasa wa muhuri.

Riwaya ya pili, *Aliyetoka kwa Mlango wa Mbele*, ilimhusu Mkuu wa zamani wa mji huu, kiongozi aliyeondoka madarakani kwa hiari mwaka 1949, akashuka ngazi za ukumbi mchana kweupe, akaenda nyumbani kwake kwa miguu. Alichokisema chumbani kabla ya kushuka hakuna aliyekijua, waliokuwa humo walikwisha kufa wote, na mtu pekee aliyekuwa hai kutoka katika ofisi ile alikuwa baba mkwe wa marehemu, ambaye wakati huo alikuwa tarishi kijana. Mwaka 1990 mzee huyo alihamia kwa mwanawe, Nukta akamuuliza kwa adabu zote, "Baba, siku ile Mkuu alisemaje?" naye akamjibu bila kusitasita, "Mwanangu, mimi nilitumwa posta. Nimerudi, nakuta kiti kitupu na watu wanafuta macho." Kwa kuwa hakuna aliyejua, Nukta akayatunga, akamwandikia Mkuu maneno haya: "Kiti hiki nilikikuta na joto la mwenzangu, nakiacha na joto langu, atakayekikalia asidhani limetoka kwake."

Mnayajua maneno hayo, mmeyasoma kwenye ukuta wa ukumbi wa mji, mmeyasikia kwenye mahafali na kwenye kuapishwa kwa wakubwa, na kila mlipoyasikia yalitajwa kuwa ya Mkuu huyo.

Ilivyotokea ni hivi. Mzee tarishi hakujua kusoma, na kitabu kilipotoka mwanawe alimsomea barazani kila jioni, na walipomaliza sura ya mwisho mzee aliomba isomwe tena, na tena, siku nyingi zikipita kwa sura hiyo moja, lakini ukurasa wa muhuri haukusomwa hata mara moja, kwa kuwa shemeji yetu, kwa kauli yake mwenyewe, alidhani hadithi imekwisha. Kaka wa marehemu, aliyekuwa akijifunza kusoma mwaka uleule kwa maandishi ya magunia ya unga na kisha kwa kitabu hicho, aliufikia ukurasa ule, kwa sababu yeye husoma kila kitu mpaka anwani ya mchapaji, hajui bado cha kuruka. Na toleo la shule lilipochapishwa, ukurasa huo uliachwa ili kupunguza karatasi.

Mwaka 1997 mwalimu mkuu wa shule jirani alimwalika mzee azungumze na wanafunzi juu ya enzi za Mkuu, mzee akasimama na koti lake la utarishi lililopigwa pasi, akafika kwenye siku ile, akasema, "Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamsikia kwa masikio yangu haya mawili," akayasema maneno ya Nukta yote, bila kukosea hata moja, na watoto wakasimama wakapiga makofi. Nukta alikuwa ameketi mstari wa pili. Tangu siku hiyo mzee akawa shahidi, akaalikwa kila mwaka, akarekodiwa, akapewa kiti cha mbele katika sherehe za mji, mtu ambaye ujana wake wote alisimama nje ya milango ya wengine, na mwaka 2001 maneno yakachongwa ukutani.

Mwanamke huyu aliyekwenda redioni kujishtaki mwenyewe alibaki na jambo ambalo hakuweza kulisahihisha bila kumvua nguo mkwewe mbele ya mji, naye hakuweza kuliacha bila kuusaliti muhuri wake. Wifi yake, mke wa kaka, alimwambia, "Mwache mzee wa watu afurahi, uongo wenyewe hauli wala hauvai," naye akamjibu kwa upole uliotushangaza, "Wifi, baba hadanganyi. Baba amehama." Akaeleza kwamba mzee amekaa na maneno yale kila jioni, karibu nayo kama mkono ulivyokaa na tanuri, mpaka yamekuwa joto lake mwenyewe, na kwamba mtu aliyehama haitwi mwongo, anasubiriwa. Akasubiri. Kila mwaka alimpigia pasi koti lile, akamsindikiza shuleni, akaketi mstari wa pili, akasikiliza.

Mzee alifariki tarehe 3 Mei 2006, akazikwa kwa heshima za mji, na arobaini ya matanga ilipopita Nukta alikwenda ofisi za baraza, akasema maneno ya ukutani ni yake na anaomba yaandikwe hivyo. Karani aliyempokea alimuuliza, "Kwa hiyo, mama, unasema mkweo alidanganya?" na hapo aliyejua kujibu kila swali la wakubwa wake aliaga, akaenda zake. Alirudi baadaye na kipimajoto, akaomba kiti cha Mkuu kilichohifadhiwa ukumbini, ambacho ni cha chuma kitupu, akamwomba karani akikalie kisha ainuke, akamwonyesha kwamba joto lake limekwisha kabla hata hajafunga kifungo cha koti, hivyo hakuna mtu mwenye akili ambaye angekikalia kiti kile akasifu joto la mwenzake. Karani alicheka mpaka akajifuta machozi, akamwambia, "Mama yangu, maneno ya wakubwa hayapimwi kwa kipimajoto. Hata kama yalikuwa yako, yamekwisha kuwa yake." Nukta alitusimulia hayo akicheka pia, lakini tuliomjua tuliona hakuwa amecheka mpaka mwisho.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011. Mwaka 2019 moyo wake ulianza kuchoka, akatibiwa nyumbani na hospitali kwa vipindi, na tarehe 21 Septemba mwaka huu wa 2024 alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda kilicho karibu na mlango, ambako muuguzi kijana alipotaka kumpima homa kwa mara ya kwanza aliulizwa kwanza chombo hicho kimelinganishwa lini, naye kijana akajibu, "Bibi, hiki ni kizima kuliko mimi na wewe," wakawa marafiki tangu hapo.

Siku chache kabla ya mwisho alimwita kaka yake asogee, akamwomba kwamba historia yake itakaposomwa, jambo la ukuta lisemwe, na lisemwe vizuri, akasisitiza, "Ukisema baba alidanganya, sikusikii huko niliko." Kaka akamuuliza, je, kiti cha Mkuu kama ni cha chuma, yeye joto lile alilipata wapi hata akaliandika. Nukta alitabasamu, akasema kwamba miaka ile mzee alikuwa akiamka mapema kuliko watu wote, akikaa barazani kwenye kiti kikuukuu chenye mto wa sufi, na alipoinuka kwenda kunawa uso, yeye alikuwa akikaa hapohapo na karatasi zake kabla ya kwenda kazini, na asubuhi moja ya baridi alikaa, akasikia joto la mzee likimpanda mgongoni, na kabla ya kuwaza lolote mkono wake ulikuwa umekwisha kuandika. "Maneno ni yangu, kaka," akasema, "lakini joto lilikuwa lake. Yote mawili yaandikwe."

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa ameushika mkono wake wa kulia na binti wa mwisho wa kushoto.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, kaka alimwendea shemeji yake, mpima ardhi, kwa sababu mzee tarishi alikuwa baba yake mzazi na jina litakaloguswa ni lake, akamwambia kwamba asiporidhia, karatasi hii itasomwa bila sehemu hiyo. Shemeji akasema, "Soma, shemeji. Baba angekuwa hai angekwambia alikuwepo hata yalipokuwa yanatungwa," na wote wawili wakatazamana, kwa maana ni kweli, alikuwepo, alikuwa hatua chache tu, ananawa uso.

Basi mbele ya viongozi wa baraza, ambao tunawaheshimu na hatuwadai lolote ila masikio, familia inatangaza kwamba maneno yaliyo kwenye ukuta wa ukumbi wa mji yalitungwa na marehemu huyu, barazani kwake, juu ya kiti kilichopashwa joto na baba mkwe wake. Mzee aliposema aliyasikia kwa masikio yake mawili, alisema kweli, aliyasikia jioni nyingi, kwa sauti ya mwanawe. Hakukosea sikio, alikosea mlango tu. Hatuombi ukuta ubomolewe, mkipata nafasi chini yake, wekeni nukta, nasi tutajua ni nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, na hasa yule kijana wa kipimajoto, ambaye tunamwona amesimama kule nyuma na sare yake. Tunawashukuru majirani waliotandika mikeka na kupika kwa ajili ya wageni tangu Jumanne bila kuombwa, wenzake wa Maabara ya Vipimo walioingia msibani polepole, bila kukimbia, kama alivyowafunza, walimu na wanafunzi wanaosoma vitabu vyake, na akina mama waliorudisha watoto mwaka 1984 kwa kuamini sauti ya mtu aliyekiri kosa. Ambao hatukuwataja hatukuwasahau, ni jicho la msomaji tu limechoka.

Nukta, mdogo wetu, uliyewekwa kwenye kapu karibu na ukuta wa tanuri ili usife kwa baridi, umetupasha joto miaka sabini na mitatu. Kiti ulichokiacha hakijapoa, na leo kila aliye hapa amejua joto limetoka kwa nani. Pumzika kwa amani.